Vitone Kwenye Kromosomu ya Saba

Kila Jumamosi, baada ya kufua, Syokau alimsaidia shangazi yake kazi ambayo hakuna mtoto mwingine mtaani Kawangware aliyeijua. Shangazi Katunge alifanya kazi katika maabara ya mifugo. Mwaka wa 1986, yeye na wenzake walikuwa wakitafuta mahali alama moja ya urithi inapokaa katika kromosomu za nguruwe, yaani vijiti vidogo sana ndani ya mwili vinavyobeba urithi wa mnyama.

Shangazi alileta picha zilizopigwa kwa darubini. Alikata kila kromosomu kwa makasi, akazipanga mbili mbili na kuzibandika kwenye kadi. Penye ile alama palitokea kitone cheusi. Lakini vitone vingine viliangukia popote, kwa hivyo ilibidi kadi nyingi zihesabiwe. Kazi ya Syokau ilikuwa kuandika kila kitone kwenye chati.

"Kadi ni arobaini, usiruke hata moja," shangazi alisema. "Jumatatu Daktari Wakoli, mkubwa wangu kazini, anataka jibu."

Kufikia kadi ya kumi na tano, kromosomu ya saba iliongoza kidogo kwa vitone. Nje, rafiki yake Jentrix aliita, "Syokau, si ukuje tucheze kati! Mpira tunao, tumekungoja sana!"

Jamani, kazi yenyewe iliumiza macho! Syokau akajiambia kwamba ya saba ingeendelea kuongoza tu. Akajaza vitone vya kubuni kwa kadi zilizobaki, karibu vyote kwenye ya saba, akatoka mbio.

Jioni shangazi aliisoma chati akafurahi, kisha akachukua kadi moja kuilinganisha.

"Kadi ya thelathini haina kromosomu ya saba. Niliziharibu zote mbili nikikata. Basi vitone hivi vimetoka wapi?" Akasugua macho. "Labda ni mimi nilichanganya kadi. Itabidi nimwambie daktari siko makini."

Syokau akamsogelea. Akinyamaza, shangazi angebeba lawama, pengine na kazi ipotee.

"Aunti, si wewe. Ni mimi. Nilibahatisha."

Shangazi hakufoka, na hilo lilimuumiza Syokau zaidi. Jumapili, baada ya kanisa, walihesabu upya kadi zote arobaini. Vitone vilijikusanya kwenye kromosomu ya kumi na nne. Ya saba ilikuwa na vichache tu.

"Unaona?" shangazi alisema. "Tukiandika tunachotaka badala ya tulichoona, kila atakayefuata ramani yetu ya kromosomu atapotea. Na siku nyingine ukichoka, niambie umechoka. Kuchoka si kosa."

Syokau alilia kidogo, kisha akamsaidia kuikunja chati ya kweli.