Mwisho wa Taarifa

Kifungo cha tatu cha sare ya Kamanda kilidondoka katikati ya soko la nguo, watu wakipigana vikumbo, dakika ishirini kabla ya kikao. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, thelathini kati ya hiyo ameitumia polisi, na mkoa mzima ulimpigia saluti. Fundi mmoja mwenye mvi na shati la samawati alikiokota, akamwita kando ya cherehani yake.

"Usipumue, Kamanda. Sindano haijui cheo."

Kamanda akasimama wima. Alinusa sabuni na chaki ya nguo, kelele za soko zikaenda mbali, na kwa mara ya kwanza tangu mumewe afariki alitamani kikao kimsubiri.

Wiki iliyofuata kikakatika kifungo kingine. Hicho, tusidanganyane, alikikata mwenyewe kwa mkasi. Zikaanza simu za kila jioni, na kila mara Kamanda alizifunga kwa mazoea ya simu ya upepo ya polisi.

"Umenipata?"

"Nimekupata, Kamanda."

"Mwisho wa taarifa, mpenzi."

Fundi alicheka mpaka akapaliwa.

Kisha ikaja barua ya uteuzi: mkuu wa polisi wa nchi nzima, makao makuu, mwendo wa siku nzima kwa gari. Fundi akampigia ofisini.

"Hongera, mpenzi wangu. Na sisi je?"

Maofisa sita walikuwa wanaingia. Kamanda alikaza sauti.

"Mwisho," akasema, akakata.

Alipopiga jioni, simu haikupokelewa. Wala kesho yake, wala wiki nzima. Mwanamke aliyewahi kutuliza ghasia kwa kipaza sauti tu alikaa ukingoni mwa kitanda akiikodolea macho simu, moyo ukimuuma. Alidhani fundi amechoka kupenda sare.

Jumamosi alivaa gauni la kijani aliloshonewa na fundi, akachukua koti la sare na alama za cheo kipya, akaenda sokoni. Fundi hakuinua macho.

"Nishonee hizi."

"Makao makuu hakuna mafundi?"

"Nimekukosea nini?"

"Nilikuuliza, sisi je? Ukaniambia mwisho."

Kicheko na machozi vikamjia Kamanda pamoja.

"Watu walikuwa wameingia, bwana wee. Nilikuwa nafunga simu. Hiyo 'wa taarifa, mpenzi' ningeisemaje mbele yao?"

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Wiki nzima nawashonea watu suruali, mguu mmoja mfupi."

"Basi sikiliza vizuri, sirudii. Nyumba ya mkuu ina baraza linaloingia jua la asubuhi. Cherehani yako itakaa pale. Nataka unioe, twende wote. Umenipata?"

Fundi alitunga uzi, akalivutia koti mapajani, akaanza na bega la kushoto, taratibu.

"Nimekupata, mke wangu."