Sauti ya Mama Kwenye Simu za Watu

Foleni ya kibanda cha fundi ilikuwa imefika mpaka kwa muuza viatu, na kila aliyejipanga alishika simu iliyopasuka kioo. Msusi peke yake alikuwa amekumbatia kaseti. Alivaa gauni la kijani lililonasa nyuzi za rasta begani, na uso wake ulisema wazi kwamba leo hataki mchezo.

"Dada, hiyo nayo ni simu ya mwaka gani?" fundi akamchokoza. Alikuwa mwanamume mrefu, shati limenyooshwa vizuri, bisibisi ameichomeka nyuma ya sikio.

"Ni mama yangu huyu. Alishafariki. Ukiukata mkanda wake, utanitambua."

Utani ukamkauka fundi mdomoni. Akaipokea kaseti kwa mikono miwili.

Alipomaliza kuuhamishia wimbo kwenye simu, waliusikiliza pamoja, kila mmoja na waya wake sikioni. Ulirekodiwa jikoni: sufuria zikigongana, maji yakimiminwa, na mama akiimba wimbo alioutunga mwenyewe wa kumlaza binti yake. Sauti ilipanda taratibu, safi, bila kukwama popote. Kisha akakatisha kuimba, akamwambia mtoto, "M-m-mwanangu, la-la-lala."

Mama alikuwa na kigugumizi, na kilimwacha pale tu alipoimba. Nje ya nyumba yake hakufungua mdomo. Hata chumvi aliinunua kwa kunyoosha kidole, maana walimwengu hawana dogo, wangemcheka. Msusi alipogeuka, alimkuta fundi anafuta machozi kwa mkono wa shati. Basi, moyo wake ukaenda palepale.

Simu zikaanza. "Bibi Kaseti, umekula?"

"Nimekula. Wewe umeoga?"

"Nakusubiri wewe unisugue mgongo."

"Subiri uote kutu!"

Lakini alikwenda, akaenda tena, hata muuza viatu akaanza kumwita shemeji. Ikafika mahali fundi akajiandaa kwenda kujitambulisha kwa baba wa msusi, na msusi akachagua kitambaa cha kushona.

Asubuhi moja, mteja aliyekaa kwenye kiti cha saluni akaangua kicheko akiitazama simu yake. "Dada, huu hujausikia? Mji mzima unaucheza!"

Msusi aliitambua sufuria kabla hajaitambua sauti. Kisha ngoma zikaingia, na juu ya ngoma, la-la-lala, la-la-lala, bila kikomo. Kwenye kioo cha simu, watu wazima na akili zao walikuwa wakitikisa mabega na kuvuta midomo. Chanuo likamdondoka.

Alitoka uani akampigia fundi. "Mama yangu amefikaje kwenye simu za watu?"

"Kipenzi, nilitaka nikushtukize. Wimbo ulibaki kwenye simu yangu, nikauweka mtandaoni ili watu waisikie ile sauti. Walikuwa wanaisifu, nikasema nitakuonyesha siku ya kwenda kwa baba. Halafu mtu akauchukua, akautia ngoma."

"Na yale maneno yake kwangu? Ukayaacha?"

"Ni pale paliponiliza. Nilidhani kila mtu atalia."

"Ungeniuliza!"

"Nimeshaufuta, mpenzi. Wallahi nimeufuta."

"Umefuta wa kwako. Na huo mwingine?"

Maji yakimwagika hayazoleki, na fundi alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Jioni msusi alimkuta baba yake amekaa sebuleni, redio imezimwa. Jirani alikuwa ameshamwonyesha.

"Mama yako alitakwa na wengi, wenye nafasi zao," mzee alisema. "Alinichukua mimi kwa sababu sikumcheka."

Hakumlaumu mtu. Alikwenda kulala bila kula, na hilo lilimchoma binti yake kuliko matusi.

Fundi alikuja saluni kesho yake, shati limejikunja. "Nitaandika, nieleze ukweli, niwaombe waache."

"Ukieleza, watamtafuta mama mpaka picha yake. Nyamaza tu."

"Unanipenda bado?"

"Nakupenda. Ingekuwa sikupendi, isingeuma hivi. Usije tena."

Akaondoka. Wimbo haukuondoka. Ulipigwa madukani na kwenye maharusi, na wanaume waliwaita wanawake barabarani kwa la-la-lala.

Alasiri moja ulikuwa unalia duka la jirani, na msusi anasuka bila kuusikiliza. Mteja akacheka. "Shoga, leo unasuka kwa mdundo!"

Akatazama mikono yake. Kweli, vidole vilikuwa vinafuata ngoma.

Nyumbani alijifungia, akaifungua sauti ya kaseti kwenye simu, ileile isiyochezewa. Mama akaimba, na ngoma zikaja zenyewe kichwani. Akarudia, zikaja tena. Aliogopa kuliko siku ya mazishi, kwa sababu safari hii mama alikuwa anaondoka mbele ya macho yake. Akampigia fundi.

"Baba hawezi kuusikiliza tena. Mtu mwingine ninayemjua aliyeusikia kabla ya ngoma ni wewe peke yako. Niimbie kama wimbo ulivyokuwa siku ile."

"Sijui kuimba, kipenzi."

"Najua. Niimbie."

Fundi akakohoa, akaanza. Sauti yake ilikuwa mbovu, lakini alikwenda polepole, na msusi akafumba macho. Aliliona jiko, alimwona mama kwa mgongo. Kwenye mstari wa pili kidole cha fundi kikagonga meza, mara moja, mara mbili, na wimbo ukaanza kukimbia.

Akasita. "Nisamehe."

"Rudia."

Akarudia, na mdundo ukaja mapema zaidi. Wakalia wote wawili, na hakuna aliyekata simu.