Sekunde Kumi za Apenisa

Harufu ilianza mchana kweupe: harufu ya maji ya chumvi yaliyovunda, ghorofa ya tatu mjini Suva, madirisha yamefungwa na kiyoyozi kinavuma. Viliame aliinama akashika viatu vyake. Vilikuwa vikavu.

Kazi yake ilikuwa kuchunga makontena. Si ya bandarini, bali vile visanduku vya ndani ya kompyuta ambamo kila programu huishi peke yake. Aliandika amri ya kuorodhesha yanayofanya kazi. Jana yalikuwa saba. Leo manane, na la nane liliitwa Apenisa.

"Sera, hili umeliwasha wewe?" alinong'ona.

Sereana, mwenzake wa meza ya pili, alisoma, akarudi nyuma. "Jina la marehemu, Vili? Huo utani gani?"

Apenisa alikuwa tavale wake, binamu wa utani, aliyezoea kumwita kichwa cha dalo, yaani cha gimbi, hata mbele ya wakwe. Tufani ya Machi ilimzamisha kisiwani akisubiri onyo kwenye simu. Viliame aliwaambia ndugu kwamba mtandao ulikatika, na huo ulikuwa uongo mtupu. Programu ya maonyo iliilemea mashine, naye kwa papara hakuisimamisha, aliiua. Kontena likisimamishwa hupewa sekunde kumi limalize lililo mdomoni. Likiuliwa, halipewi hata moja. Onyo la kisiwa lilikuwa bado halijatoka.

Aliandika amri ya kuua. Apenisa alitoweka, akarudi. Aliua tena, akarudi tena, na zulia likawa chapachapa. Akafungua kumbukumbu za kontena lile.

"Tavale, maji yako magotini."

"Tavale, yako kifuani. Mbona simu kimya?"

"Ulifanya nini wewe?" Sera, aliyesoma nyuma yake, alimgeuza kiti. "Mpelekee shangazi yako tabua ya kuomba msamaha, upige magoti, ukiri. Leo hii!"

"Jino la nyangumi litanisaidia nini? Kijiji kizima kitanitema."

Akaandika amri ya kufuta kwa nguvu, na vidole vikamganda kwenye vitufe, na baridi ikampanda miguuni hadi kiunoni, na makontena yale saba yakazimika moja baada ya jingine bila kuguswa na mtu, hadi likabaki lile moja, nalo likaandika lenyewe: "Kichwa cha dalo, hukunipa hata moja. Mimi nakupa kumi."

Kumi. Tisa.

Sera alikuwa amekwisha piga simu. Akaibandika sikioni mwa Viliame. "Sema, Vili! Sema kweli!"

Tano. Nne.

"Vili, mwanangu?" Ilikuwa sauti ya mama yake Apenisa.

Mbili.

Alifumbua mdomo, na ulimi ukafuata njia uliyoizoea. "Shangazi, siku ile mtandao uli—"

Maji ya bahari yalimtoka mdomoni na puani, yakafurika mezani. Alianguka macho wazi.

Kwenye skrini lilibaki kontena moja. Liliitwa Viliame. Na simu sakafuni ilikuwa bado inauliza kwa upole: "Mtandao ulifanyaje, mwanangu?"