Ukuta wa Dada

Ndugu zangu, ziko nyumba ambazo ukipita mlangoni jioni husikii kitu, ukadhani hazina watu. Nyumba ya Mama Mshonaji ilikuwa hivyo. Cherehani imefunikwa, mama anakunywa chai, mwanawe fundi rangi anasugua madoa kwenye kucha, na binti mkubwa, ambaye sote tunamwita Dada, amejilaza chumbani kwake akipapasa ukuta kwa vidole.

Dada alivuka miaka thelathini zamani. Ana usonji. Maneno yake ni machache, makelele humuumiza, na jambo la ghafla humvuruga. Lakini kazi anayo. Hukunja mashuka kwenye duka kubwa la dobi, masikio ameyaziba kwa pamba, na sijasikia mtu aliyelikunja upya shuka lake.

Ukuta wenyewe, tuseme ukweli, ulikuwa mbaya. Plasta ilibanduka tangu utoto wao, ukabaki mchanga wenye matuta. Fundi alishinda akilainisha kuta za watu, na majirani walimtania, "Kinyozi hajinyoi!" Basi siku moja, Dada akiwa kazini, akaulainisha ukuta ule na kuupaka rangi mpya. Mama alijua, akafurahi. Walitaka kumshangaza.

Je, nani alimuuliza mwenye chumba? Hakuna.

Dada aliporudi, harufu ya rangi ilimpokea mlangoni. Akaweka kiganja ukutani, kikateleza. Akapiga yowe, akaziba masikio, akakimbilia jikoni na kuketi sakafuni akiyumbayumba. Chumbani hakuingia tena. Usingizi ukampotea, na kazini hakwenda.

Msimamizi wa duka la dobi akapiga simu. "Mama, mimi namhitaji. Lakini wakubwa wanataka kumweka mtu mwingine."

Shangazi naye akaja, na shangazi huyu hakosi ushauri hata asipoombwa. "Wifi, mpeleke kwenye makao ya watu kama yeye. Umezeeka, utambeba mpaka lini?"

"Shangazi, yuko hapa anakusikia," Fundi akasema.

"Kwani anaelewa?"

Dada akainua uso. "Naelewa. Sitaki kwenda."

Shangazi akabaki na kikombe mkononi, hajui pa kukiweka. Nilipohadithiwa hapo nilicheka, Mungu anisamehe.

Fundi akachuchumaa mbele ya dada yake, si karibu sana. "Dada, nimekosea wapi?"

Mama akafungua mdomo amjibie, kama alivyozoea maisha yote. Fundi akamwashiria kwa mkono asubiri. Wakasubiri hadi chai ikapoa.

"Ukuta wangu," Dada akasema. "Nikiushika, kichwa kinatulia. Umeufuta."

Fundi aliumia, maana alichokifanya alikifanya kwa upendo. Kesho yake akafungua madirisha yote, akakwangua rangi upande wa kitanda, akachanganya saruji na mchanga mnene, akaanza kuupaka ukutani. Dada akasimama kando, anapima kwa vidole.

"Hapa?"

"Laini."

Akaongeza mchanga. "Na sasa?"

"Bado laini."

Jasho lilimtoka Fundi, akacheka. "Kazi hii ningemfanyia mteja angenifukuza na ngazi yangu!"

Hatimaye Dada akapapasa, akafumba macho. "Acha hivyo hivyo. Usiguse tena."

Harufu ilipokwisha, akarudi chumbani mwake, akalala. Nafasi yake kazini ilikuwa bado haijachukuliwa, akarudi kwenye mashuka yake. Duka lilipoletewa mashine mpya, msimamizi alimwonyesha kwanza ikiwa imezimwa, kisha akamweleza siku itakayowashwa. Mama siku hizi huuliza na kusubiri. Hata shangazi hubisha hodi kwenye mlango wa Dada kabla ya kuingia, ingawa ushauri bado anao tele.

FUNZO

Mtoto mwenye usonji hukua, akawa mtu mzima mwenye kazi yake, chumba chake na neno lake. Msaada anaouhitaji si kuamuliwa. Anahitaji kuambiwa mapema, kupunguziwa makelele na kupewa muda wa kujibu. Fundi na mama yake walimpenda Dada, na upendo wao usiouliza nusura umtoe nyumbani kwao. Kuuliza si ujinga, ndugu zangu. Muulize mwenyewe, kisha nyamaza usubiri jibu lake, chai ikipoa na ipoe.