Gambuti za Neha Mlangoni

Hasmukh alikuwa na duka karibu na soko la Kibuye, mjini Kisumu. Aliuza nyavu, kamba na maboya. Wateja wake walikuwa wavuvi na wafugaji wa samaki. Lakini yeye mwenyewe hakula samaki. Hata kumgusa hakumgusa. Yeye na mkewe Vasanti walikuwa Wahindu wasiokula nyama, kutoka Rajkot, India. Walihamia Kisumu kabla binti yao Neha hajazaliwa. Nyumba yao ilikuwa juu ya duka, na samaki hakuwahi kupanda ngazi zile.

Sasa niambie. Mtu anauza nyavu miaka yote hiyo, halafu anashangaa binti yake akipenda samaki?

Neha alikuwa amemaliza sekondari. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Baba yake alikuwa amepanga kila kitu. Januari Neha angepelekwa Rajkot kwa baba yake mdogo, asomee uhasibu. Baadaye angetafutiwa mume hukohuko. Neha mwenyewe hakuulizwa.

Kila alasiri Neha aliaga kwamba anakwenda kujifunza kompyuta. Kumbe alikwenda ufukweni Dunga, kando ya ziwa, kwa Mama Amolo. Mama Amolo alikuwa mteja wa siku nyingi wa duka lao. Alifuga samaki aina ya ngege katika vizimba, yaani nyavu kubwa zinazoning'inia majini kwenye maboya.

"Nyathina," Mama Amolo alizoea kumwita hivyo, yaani mwanangu kwa Kijaluo, "usiweke kizimba kwa maji ya kina kifupi. Uchafu unakaa chini yake. Upepo ukikoroga hayo maji, samaki wanakosa hewa, wanakufa."

"Na chakula?"

"Mwaga kidogo kidogo. Wakiacha kukimbilia, na wewe acha."

Jioni Neha alioga kwa Mama Amolo. Alijisugua kwa ndimu na kubadilisha nguo. Gambuti zake, vile viatu virefu vya mpira vya kuingilia majini, aliziacha huko. Alirudi kwao akinukia sabuni, na moyo ukimuuma.

Siku moja, wakati wa chakula, baba yake alisema, "Kesho naenda kukata tiketi yako."

Kesho yake Neha hakuoga kwa Mama Amolo. Alirudi vile alivyotoka ziwani. Alipita katikati ya duka, akapanda ngazi, akavua gambuti mlangoni. Akazipanga sawasawa na ndara za wazazi wake.

"Harufu gani hii?" Vasanti aliuliza kutoka jikoni.

"Ni mimi, Mama. Nafuga samaki. Sijawahi kwenda kwa kompyuta."

Hasmukh alipanda ngazi mbiombio. "Sisi hatufugi samaki! Watu wa hekaluni watasema nini?"

"Tunauza nyavu, Baba. Unadhani zinavua sukuma wiki?"

"Hiyo ni biashara!"

"Na hii pia ni biashara."

"Wewe ni binti wa Rajkot!"

"Rajkot nilienda mara moja tu, nikaumwa na tumbo. Mimi ni wa hapa. Samaki sili, na sitakula. Nasali na Mama. Naongea Kijaluo na rafiki zangu. Vyote ni vyangu, Baba, na sitaki kukatwa nusu. Ndege sipandi."

Hasmukh alizichukua zile gambuti, akazitupa chini barazani. Neha akazifuata, akazirudisha. Kesho yake ikawa vilevile. Baba anatupa, binti anarudisha. Hawakusemezana tena, na chakula kikawa hakina ladha.

Mama Amolo alipokuja kununua kamba, alizikuta gambuti barazani.

"Umeniharibia mtoto!" Hasmukh alimwambia.

"Baba Neha, mimi nilidhani umemruhusu. Ningekuuliza, pole. Lakini mtoto akioga kwa jirani ndiyo aingie kwao, shida si samaki. Anawaogopa. Ulishamuuliza anataka nini?"

"Mimi ni baba yake."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Huyu ni mtu mzima. Kwa sheria ya Kenya hakuna wa kumwoza kwa nguvu. Na wewe, baba yako ndiye alitaka uje Kisumu?"

Aliyejibu ni Vasanti, kutoka kwenye ngazi.

"Wapi! Baba yake alitaka alime karanga. Huyu alitoroka na begi moja."

Mama Amolo alicheka hadi akashika meza. Kisha akasema, "Kaeni chini na mtoto. Kila mmoja aseme bila kukatizwa. Baba Neha, usianze na amri. Sema kile unaogopa."

Jumapili walikaa. Hasmukh alikohoa, akatazama mikono yake.

"Naogopa," alisema, "siku sisi tukifa, utabaki huku bila watu wako."

Neha alilia. Hakutegemea neno hilo.

"Watu ninao, Baba. Hujawaona kwa sababu ulinikataza kuwaleta nyumbani."

Akaeleza mpango wake wote. Angesomea ufugaji wa samaki katika chuo cha hapahapa Kisumu. Samaki hangemleta jikoni kwa mama yake. Lakini angeoga bafuni kwao, si kwa jirani.

"Tutaona," alisema baba yake. Tiketi hakukata. Wiki iliyofuata alikwenda Dunga, kitambaa puani, akatazama vizimba kwa muda mrefu. Akauliza kwa nini wavu alioununua Mama Amolo dukani kwake umeshonwashonwa. Neha akamweleza kwamba nyuzi zake ni nyembamba, fisimaji huzikata.

Siku hizi Neha yuko chuoni. Mteja akiuliza wavu wa kizimba, Hasmukh humwambia, "Ngoja binti yangu aje. Huyo ndiye anajua."

Wakati wa sikukuu ya Diwali wanawake wa hekaluni walikuja kutembea. Mmoja wao alisimama mlangoni, akashika pua.

"Vasanti! Hizi gambuti ni za nani? Zinanuka samaki!"

Neha alikuwa jikoni. Mwiko ukasimama ndani ya sufuria ya chai.

Vasanti aliinama, akazisogeza gambuti karibu kabisa na ndara zake.

"Ni za binti yangu," alisema kwa sauti ya kusikika hadi dukani. "Anafuga samaki Dunga. Mnaingia au mnabaki hapo nje?"