Kadani ya Jeep ya Shemeji

Jumamosi ile ilianza vizuri, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Jua lilikuwa la upole, redio ya jirani ilikuwa ikipiga nyimbo za kwaya, nami nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha jikoni nikimfumua dada yangu Adeline nywele. Mbele yetu, katikati ya ua, mumewe Josaphat na fundi mwenzake Constant walikuwa wakiteremsha injini ndani ya jeep kwa mnyororo.

Jeep yenyewe ilikuwa urithi wa baba yake Josaphat. Injini yake ilikufa zamani, na tangu hapo gari lilikaa juu ya matofali kwenye parseli yetu, kiwanja chetu cha mtaa wa Lumumba, likizeeka bila kazi. Tulianika maharage juu ya boneti yake. Adeline aliliita mke mwenza, kwa sababu kila Josaphat alipotoka gereji alilisalimia gari kabla ya kumsalimia yeye.

Injini mpya ilitoka kwenye gari la aina nyingine kabisa, kwa hiyo hakuna kilichokubali kuingia mahali pake. Vikalio vya kuibeba walivikata wenyewe kutoka kwenye shasi ya lori bovu. Kati ya injini na giaboksi waliweka bamba nene la chuma, ambalo Constant alilipiga tupa mpaka mikono yake ikatoka malengelenge. Boneti ilikataa kufunga, wakaitoboa dirisha. Constant ni mtoto wa Djugu, alikimbia vita akaja hapa Bunia na sanduku la vifaa tu, na sijaona mtu mwenye subira na chuma kama yeye.

Josaphat hakutaka gari la kutembelea. Alitaka kupeleka bidhaa Bambu, kwenye machimbo ya dhahabu, ambako mwenye duka anapanga bei anavyotaka. Tatizo lilikuwa barabara. Kuna madereva waliopigwa risasi njiani, na kuna wengine ambao hawakuonekana tena, wao wala magari yao. Shemeji yangu alikuwa mwoga. Kwa woga simlaumu mtu. Lakini yeye alikuwa mwoga mwenye tamaa, na leo mtu wa namna hiyo simgeuzii mgongo hata kanisani.

Kazi yangu ni kusuka, na mwezi ule nilikuwa nimemsuka Adeline kwa uzi wa zambarau. Nilipomaliza kumfumua na kumchana, nilikusanya nywele zilizotoka pamoja na vipande vya uzi, nikavitia kwenye mfuko mweusi. Kwetu nywele za mtu hazitupwi ovyo. Unazichoma au unazitumbukiza chooni, zisije zikaangukia mkono mbaya. Josaphat akaja akijifuta grisi, akanyoosha mkono.

"Leta, shemeji. Nitaenda kutupa miye."

"Mwanaume gani anaendaka kutupa nywele ya muke?" nilimwuliza.

"Ule mwenye kumupenda," alisema.

Tulicheka. Adeline aliinamisha kichwa akitabasamu, kama msichana wa siku ya posa. Mfuko ule nilimpa mimi mwenyewe, mkononi.

Chini ya gari kuna bomba refu la chuma wanaloliita kadani. Injini ikizungusha, kadani inazunguka, nayo ndiyo inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Josaphat alisema kadani ya zamani haitoshi kwa injini mpya, lazima atengeneze nyingine. Kazi zote walifanya wawili, ila hiyo. Alimtuma Constant sokoni kutafuta bolti, akajifungia ndani ya depo, stoo yake ya vifaa, na mashine ya kuchomelea. Niliona mwanga wa buluu ukicheza chini ya mlango, nikasikia harufu ya nywele kuungua. Nilidhani jirani anababua mbuzi.

Wakaifunga kadani. Wakawasha.

Injini ilikohoa, ikatoa moshi, halafu ikatulia na kunguruma vizuri. Watu wa parseli za jirani walikuja kupiga makofi. Josaphat alikaa kwenye usukani akalisogeza gari mbele, polepole, mpaka kwenye geti.

Adeline alikuwa akipita uani na beseni la maharage. Akazunguka. Mara moja, taratibu, kama mtu aliyeitwa nyuma. Kisha mara ya pili. Maharage yakamwagika. Majirani walidhani anacheza kwa furaha, wakazidi kupiga makofi.

Josaphat akarudisha gari nyuma.

Adeline akazunguka upande wa pili.

Mimi nilikuwa karibu yake, nikauona uso wake. Hakuwa anacheza.

Siku iliyofuata Josaphat alitoka kulijaribu gari barabarani. Mlio wa injini ulikuwa haujapotea mtaani Adeline aliposhika meza ya sebuleni kwa mikono miwili. Meza ikaburuzika pamoja naye. Alizunguka katikati ya chumba, macho wazi, miguu ikisugua saruji. Nilimkumbatia ili asimame, tukazunguka wote wawili. Alikuwa na nguvu ambazo si zake.

"Yaya, ni nini?" nilimwuliza, maana kwetu dada mkubwa ndiye yaya.

"Iko kitu inanizungusha, Sandrine," alininong'oneza sikioni. "Nishike. Usiniache."

Ilipokoma alianguka kama nguo iliyodondoka kwenye kamba. Baada ya muda mfupi jeep ikaingia getini. Mtu aliyetoka kujaribu gari alilolitamani miaka yote, ungetegemea aseme habari za breki, habari za mlima. Yeye alipotia mguu mlangoni aliuliza kwanza:

"Adeline iko namna gani?"

Nikamwonyesha alivyolala. Hakushtuka. Alimtazama kama fundi anavyotazama bolti iliyobeba uzito, kuona kama imepinda. Akasema ni malaria.

Hospitali hawakuona malaria wala kitu kingine. Mchungaji wetu alikuja kuomba, na wakati wa maombi Adeline alikaa sawa kabisa, maana gari lilikuwa limesimama. Josaphat alipolitoa ilianza upya. Akienda mahali pa karibu, dada yangu alizunguka polepole. Akikaza mwendo, ilibidi tumlaze godoroni na kumwekea mito pande zote, hapo akawa anabingirika ukutani na kurudi, ukutani na kurudi. Alikonda. Shingo yake ilipata michirizi. Nami nilimwambia Josaphat gari hilo lina mkosi, aliuze. Alinijibu kwa upole kwamba uchovu unanifanya niseme vitu vya ajabu, akaniletea soda. Nikainywa, mjinga mimi.

Asubuhi ya safari ya kwanza ya Bambu aliingia chumbani nikiwa nampa Adeline uji. Alipiga magoti kando ya godoro, akamshika uso.

"Unanipendaka bado?"

"Swali gani hiyo asubuhi yote?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ninakupenda."

"Sema tena."

"Ninakupenda, Josaphat."

Akavuta pumzi, uso wake ukalegea kama wa mtu aliyepimiwa matairi akaambiwa yako sawa. Akatoka. Nilimsikia akipiga mluzi akifungua geti.

Adhuhuri Constant alikuja kuchukua tupa yake. Kutoka uani alisikia mito ikigonga ukuta, akaniuliza kuna nini. Nikamfungulia mlango aone. Hakuwa amewahi kumwona Adeline katika hali ile, maana siku nyingine zote gari lilipotoka yeye alikuwa ndani yake, akisikiliza injini. Alisimama akitazama, kofia mkononi. Kisha akanivuta nje, akaongea chini chini, ingawa hapakuwa na mtu.

"Dada Sandrine, ile kadani ya zamani ilikuwa inafika. Nilipima miye mwenyewe. Haikukuwa na lazima ya kutengeneza ingine."

"Sasa ju ya nini alitengeneza?"

Aliigeuza kofia mkononi.

"Madereva wanasemaka kitu. Miye sikuamini. Wanasema kuko gari yenye haianguke, hata risasi haiingie. Mutu iko nyumbani anaibeba. Unaweka kitu yake ndani ya chuma yenye kuzunguka, unafunga. Mapigo yote ya barabara inaenda kwake."

"Mutu gani?"

"Apana mutu yote. Lazima akuwe anapenda ule mwenye kuendesha. Asipomupenda, haibebe." Akatazama mlango wa depo. "Kabla anitume sokoni, niliona mufuko mweusi pembeni ya bomba. Ilikuwa na nywele. Nilifikiri ni takataka."

Nilikumbuka nilivyocheka. Hasira iliyonipanda sijawahi kuipata tena, na naomba nisiipate. Mwanaume amelala na mke wake, amekula mkononi mwake, halafu amelichukua penzi lake na kulichomelea chini ya gari kama kipande cha chuma.

Nikaingia ndani. Adeline alikuwa akizunguka, ukutani na kurudi. Nilijilaza sakafuni karibu naye ili anisikie. Nikamwambia yote. Kila alipogeukia kwangu niliona macho yake, kisha mgongo, kisha macho.

"Alijua ni miye nitabeba?" aliuliza.

"Alijua."

Macho. Mgongo.

"Na leo asubuhi? Ile swali?"

"Alikuwa anapima, yaya. Anapima kama utabeba bado."

Hakulia. Nilitaka alie. Alizunguka tena, na tena, polepole zaidi. Akageukia kwangu.

Akabaki hapo.

Nilisubiri mgongo wake. Haukuja. Mito ilikuwa imetulia. Adeline aliketi mwenyewe, akajifunga kitenge vizuri kiunoni.

"Niletee maji," alisema.

Alikuwa hajamaliza kunywa simu yake ilipolia. Ilikuwa namba ya Josaphat. Adeline aliifungua, akaiweka sauti ya nje ili sote tusikie. Kwanza ilikuja sauti ya injini. Chini yake kulikuwa na kitu kingine, chuma kikigonga ndani ya chuma. Kro. Kro. Kro.

"Adeline." Josaphat alinong'ona. "Gari imeanza kuyumba. Iko watu mbele ya barabara."

Adeline aliweka kikombe cha maji chini.

"Sema unanipenda. Sema tu. Mara moja."

Constant, pale mlangoni, alijiziba mdomo kwa kofia. Adeline aliisogeza simu karibu na mdomo. Alipozungumza, sauti yake haikuwa na ukali wowote.

"Josaphat. Ulinipeleka Bambu bila kuniuliza."

Akaiweka simu juu ya meza, bila kuikata.

Kro. Kro. Tulisikia pumzi zake, za haraka. Tulisikia akiita jina la dada yangu. Sauti ilikuja karibu na simu, ikaenda mbali, ikaja karibu, ikaenda mbali. Kama mtu anayegeuka.

Kro.

Kisha injini peke yake, ikinguruma vizuri.

Waliikuta jeep kabla ya kufika Bambu, imesimama katikati ya barabara juu ya magurudumu yake manne. Haikuwa na tundu la risasi wala mkwaruzo. Injini ilikuwa ikiwaka, milango imefungwa, bidhaa zote mahali pake. Wakulima wa hapo walisema siku ile hakupita mtu yeyote mwenye silaha. Josaphat hakuwemo. Kitambaa cha kiti chake kilikuwa kimesokotwa kama nguo inayokamuliwa maji, na mpaka leo hakuna aliyeweza kukikunjua.

Gari lilivutwa na lori mpaka Bunia. Mchungaji alikuja na wazee wa kanisa, wakaomba, wakamwambia Constant aifungue kadani na kuikata. Adeline hakutoka nje. Mashine ilipopenya chuma ilitoka pumzi ya joto, na bomba likagawanyika vipande viwili.

Nywele zilikuwemo, na uzi wangu wa zambarau. Lakini hazikuwa peke yake. Zilikuwa zimesukwa, msuko mmoja mwembamba na safi, pamoja na nywele nyingine, fupi, ngumu, zenye mvi. Nimesuka vichwa vingi, na mkono uliosuka vile siujui. Josaphat alinyoa kipara tangu alipokuwa kijana, hakuna aliyejua kama nywele zake zina mvi.

Tulizichoma palepale. Bomba hatukujua la kulifanyia. Kanisa halikulitaka, na mnunuzi wa vyuma vikuukuu alilishika, akaliachia, akaondoka bila kusema kitu. Likabaki kando ya uzio, vipande vyake viwili.

Bunia asubuhi kuna baridi. Katika msimu wa mvua niliona kuku wa jirani wameacha banda lao, wanalala juu ya lile bomba, wamebanana. Niliwafukuza, nikaweka kiganja. Lilikuwa na joto. Si joto la jua, maana jua lilikuwa bado. Joto la mtu.

Sikutaka kumwambia Adeline, lakini alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa mchele, ananitazama.

"Iko moto?" aliuliza.

"Iko moto, yaya."

Alipeta mchele kidogo, akapuliza makapi.

"Asipopenda, haibebe. Basi kumbe alinipenda," alisema, akaingia jikoni.