Unga wa Mbao Kitandani

Poni alikung'uta shuka, na unga wa mbao ukamwagika sakafuni. Ulikuwa mwekundu, laini, bado una unyevu. Hapo mtaani kwao Atlabara hakuna seremala jirani, na kitanda chenyewe ni cha chuma.

"Emilio, hii imetoka wapi?"

Mumewe alikuwa amekaa ukingoni, mkono kifuani. "Ya Poni, mimi iko sikia msumeno. Hapa ndani."

Emilio alifanya kazi katika ofisi moja ya mtaa wa Thongpiny inayolinda msitu wa milima ya Imatong. Unapima unene wa mti, unaupigilia kibati cha namba, halafu kampuni za ng'ambo zinazochafua hewa kwa moshi zinanunua hewa safi ya mti huo ili ubaki umesimama. Wenyeji walikataa vibati mpaka mtu wa ofisi aape. Basi Emilio akaegemea mti mkubwa kuliko yote na kusema alivyoambiwa: "Atakayekata mti wa msitu huu, amenikata mimi." Alikuwa na haraka, mvua inakuja. Poni, aliyekuwa mpishi wa kambi yao huko msituni, akaitika "Amina" kwa sauti, kama alivyozoea kanisani alipoishi Kampala. Wenyeji wakageuka kumtazama.

Ahadi ni deni, lakini nani ofisini alikumbuka hilo? Emilio alimpigia simu mkubwa wake, Ivan.

"Mkubwa, watu iko kata miti?"

Ivan alishusha sauti. "Malori yanayobeba magogo yana watu wenye bunduki juu, Emilio. Tutasema nini? Ripoti imekwenda, hewa imeuzwa. Kalas, imekwisha."

Mchana ule Poni alimleta Mama Nyakim, mganga. Jua lilichoma bati, lakini chumba kilinuka utomvu na majani mabichi. Mama Nyakim aliweka sikio kwenye kifua cha Emilio, akaliondoa upesi.

"Jini aliyevamia namtoa," alinong'ona. "Huyu alikaribishwa. Atatulia msitu ukitulia."

"Na usipotulia?"

Mganga alikuwa tayari anatafuta viatu vyake. "Nani aliitikia kiapo?"

Poni alirudi nyuma. Aliogopa mno, kwa sababu mngurumo ulikuwa umeanza kumtoka Emilio kifuani, mdogo kwanza, kisha mkubwa hata vikombe vikatetemeka kabatini, naye akainuka akamshika mkewe mabega akitaka kusema neno, unga mwekundu ukimtoka mdomoni badala yake, mpaka kitu kikapasuka ndani yake kuanzia chini na Emilio akaanguka chali bila kukunja goti.

Kwenye mazishi Ivan alivaa fulana ya ofisi yenye picha ya mti. Alisema kazi ya marehemu itaendelea. Poni alitamani kumzaba kofi.

Asubuhi iliyofuata alikung'uta shuka. Upande wa Emilio ulikuwa safi. Unga ulikuwa upande wake yeye, na chini ya titi la kushoto alisikia mtu akivuta kamba ya kuwasha msumeno wa injini.

Haukuwaka. Akavuta tena.